Kutafuta Tungo Mpya na Ngumu za Gitaa: Mwongozo kwa Mpigaji Asiye na Mwalimu

UTANGULIZI

Zaburi ya 33, mstari wa 3, huweka mambo mawili pamoja: wimbo uwe mpya, na wenye kupiga vyombo wapige kwa ustadi. Mara nyingi tumelishughulikia lile la kwanza na kuliacha la pili, kana kwamba upya peke yake unatosha. Katika makala hii hatukusudii kuifafanua zaburi hiyo. Tunakusudia kueleza jambo la kazi tu, nalo ni hili: mpigaji wa gitaa ambaye ameyazoea yale anayoyapiga atapataje utungo mpya utakaomwongezea ustadi, na atajuaje kwamba ule alioupata unamfaa?

Wapo watakaosema kwamba swali hili ni la anasa. La hasha. Gitaa ndicho chombo ambacho mhubiri anaweza kukifunga nyuma ya pikipiki na kufika nacho mtaani. Wengi wanaoingia katika vyuo vyetu wanajua kodi tatu, yaani ile mikusanyiko mitatu ya sauti inayotosha kuongoza sehemu kubwa ya mapambio. Na kwa kuwa kodi tatu zinatosha, mpigaji huishia hapo. Mwaka wa kwanza anafurahi, mwaka wa tatu amezoea, mwaka wa tano amechoka. Mwingine, kwa sababu ya kuchoka huko, huruka mara moja hadi kwenye tungo za mabingwa, hupigana nazo miezi miwili, kisha hulitundika gitaa ukutani. Wote wawili hufika mahali pamoja kwa njia mbili tofauti.

Hasara yake huonekana baadaye, wakati mchungaji amepangiwa usharika wa mbali usio na kinanda wala mwalimu wa muziki. Huko hakuna mtu wa kumwambia, "Sasa jifunze huu." Asipokuwa amejifunza kujichagulia, kukua kwake kumekwisha. Kwa hiyo hoja yetu ni moja: utungo mpya unaofaa ni ule unaodai jambo moja ambalo mpigaji hawezi bado, huku mengine yote akiyaweza. Ili kuupata, hapana budi mtu aanze kwa kujua ni jambo gani asiloliweza, ndipo atafute.

1. UGUMU NI NINI?

Watu wengi huupima ugumu wa muziki kwa kasi. Anayepiga upesi huitwa bingwa, na anayepiga taratibu huitwa mwanafunzi. Kipimo hiki hupotosha, kwa maana kasi ni matunda tu ya mambo mengine yaliyokwisha kutengenezwa. Tukiangalia kwa makini tutaona kwamba ugumu wa gitaa uko wa aina tano.

Kwanza, kuna ugumu wa mkono wa kulia, ambao ndio unaochuma nyuzi. Hapa tunaweka kodi zinazovunjwa na kuchumwa uzi mmoja mmoja kwa mpangilio maalum, jambo liitwalo arpejio. Aidha tunaweka tremolo, ambayo gumba hupiga besi na vidole vitatu hurudia sauti moja upesi na kwa usawa.

Pili, kuna ugumu wa mkono wa kushoto: kupanua vidole, kuhama kutoka sehemu moja ya shingo ya gitaa hadi nyingine, na kuzibana nyuzi zote sita kwa kidole cha shahada peke yake.

Tatu, kuna ugumu wa sauti nyingi. Mpigaji hubeba sauti mbili au tatu kwa wakati mmoja, na kila moja inakwenda njia yake, kama vile soprano na besi wasivyongojana katika kwaya.

Nne, kuna ugumu wa mapigo. Nyuzi zenyewe zaweza kuwa nyepesi kuzishika, lakini gumba linahesabu kwa namna moja na kidole kinahesabu kwa namna nyingine.

Tano, kuna ugumu wa urefu. Utungo wa dakika kumi hudai kumbukumbu na utulivu ambao utungo wa dakika mbili haudai, hata kama kila sehemu yake inapigika.

Mgawanyo huu una faida kubwa. Mtu akisema tu, "Nataka utungo mgumu," hajasema kitu. Lakini akisema, "Mkono wangu wa kulia unaweza, ila siwezi kubeba sauti mbili," amekwisha kupata nusu ya jibu.

2. KUJIPIMA KABLA YA KUTAFUTA

Tunashauri mpigaji achukue daftari na kuorodhesha tungo zote anazoweza kuzipiga kutoka mwanzo hadi mwisho bila kusimama. Mbele ya kila mmoja aandike ni aina ipi ya ugumu iliyomo kati ya zile tano. Mara nyingi orodha hiyo itafunua jambo ambalo mwenyewe hakulijua. Pengine tungo kumi na mbili zote ni za aina moja, tena zote zimekaa katika sehemu ya chini ya shingo, karibu na vigingi vya kukazia nyuzi. Mtu wa namna hiyo hajajifunza tungo kumi na mbili. Amejifunza mmoja na kuurudia kwa majina mbalimbali.

Kisha aandike lile asiloliweza, moja tu, lililo karibu. Hatuna haja ya kuandika yote tusiyoyaweza, kwa kuwa orodha hiyo haina mwisho na huvunja moyo. Moja linatosha kwa miezi kadhaa.

3. MAHALI PA KUTAFUTA

a) Vitabu vya mazoezi

Mahali pa kwanza ni katika vitabu vya walimu wa zamani walioandika mazoezi kwa utaratibu wa ngazi. Fernando Sor, aliyezaliwa Barcelona mwaka 1778 na kufa Paris mwaka 1839, aliacha mikusanyo kadhaa ya mazoezi ambayo ni muziki mzuri wenyewe. Hapa msomaji aangalie jambo moja. Nambari ya opus haionyeshi kiasi cha ugumu. Mkusanyo wake wa opus 60 ulitoka karibu na mwisho wa maisha yake, lakini ndio mwepesi kuliko yote, maana aliuandika kwa ajili ya wanaoanza. Opus 31 na opus 35, zenye mazoezi 24 kila mmoja, ziko katikati. Opus 6 na opus 29, zenye mazoezi 12 kila mmoja, ni ngumu zaidi, ingawa opus 6 ni ya miaka ya mapema. Mtu akifuata hesabu ya nambari ataanza kwa kupanda ukuta. Mwaka 1945 Andrés Segovia, mpigaji mashuhuri wa Hispania, alichapisha mazoezi 20 aliyoyachagua kutoka mikusanyo hiyo, na uteuzi wake unatumika hadi leo.

Matteo Carcassi, Mwitalia aliyeishi kuanzia 1792 hadi 1853, naye ana mazoezi 25 ambayo pia ni opus 60, kwa hiyo tusichanganye. Zoezi lake la 3 linafundisha kuitoa sauti ya juu iimbe wakati vidole vingine vikivunja kodi. Zoezi la 7 linafundisha mkono wa kulia kurudia sauti upesi. Kwa yule ambaye udhaifu wake uko katika mkono wa kulia tu, Mauro Giuliani alichapisha mwaka 1812 mifano 120 ya kuchuma nyuzi, yote juu ya kodi mbili tu, ile ya Do na ile ya Sol. Hekima yake ni dhahiri: alipunguza kazi ya mkono wa kushoto ili mtu aupe mkono wa kulia moyo wake wote.

Aliyekwisha kupita hapo ana wawili wa karne ya 20. Heitor Villa-Lobos wa Brazil aliandika mazoezi 12, yaliyochapishwa mwaka 1953, na la kwanza kati yake linashika mtindo mmoja wa mkono wa kulia karibu toka mwanzo hadi mwisho huku mkono wa kushoto ukihama shingo nzima. Leo Brouwer wa Cuba, aliyezaliwa mwaka 1939, aliandika mazoezi mepesi 20. Wepesi wake uko katika urefu na vidole, bali mapigo yake humwamsha mtu aliyezoea kuhesabu nne tu.

Mtu akitaka ngazi iliyokwisha kupangwa, atazame orodha za bodi za mitihani ya muziki za Uingereza, kama ABRSM, ambazo hupanga tungo za gitaa kutoka ngazi ya 1 hadi ya 8. Si lazima kufanya mtihani. Atafute katika orodha ule utungo mgumu kuliko yote anayoweza kupiga, aone uko ngazi ya ngapi, kisha asome majina ya ngazi inayofuata.

Kuhusu kupata nota zenyewe, hali siku hizi ni nzuri kuliko zamani. Tungo za Sor, Carcassi na Giuliani hazina tena mwenye haki miliki. Zinapatikana bila malipo katika maktaba ya intaneti iitwayo IMSLP, iliyoanza mwaka 2006. Kadhalika maktaba za Stockholm na Copenhagen zimeweka katika intaneti mikusanyo yao ya nota za gitaa za karne ya 19. Bali tungo nyingi za karne ya 20 bado zinalindwa na sheria. Hatuna budi kuzinunua, wala kanisa lisiwe mahali pa kunakili jasho la wengine.

b) Johann Sebastian Bach na muziki wa luti

Mahali pa pili ni katika muziki ulioandikwa kwa vyombo vingine. Luther mwenyewe alikuwa mpigaji wa luti. Luti ni ndugu wa udi, chombo wanachokijua wapenzi wa taarabu, na hata jina lake la Kizungu limetokana na jina la Kiarabu la udi. Gitaa lilipopata heshima katika kumbi za muziki, wapigaji waligeukia hazina ya luti, na ndani yake wakazikuta kazi za Bach, mtu aliyekuwa mwimbishaji wa kanisa la Mtakatifu Thomas huko Leipzig toka mwaka 1723 hadi alipofariki mwaka 1750.

Tungo hizi ni shule ya ule ugumu wa tatu, wa sauti nyingi. Tunashauri mpigaji aanze na Bourrée ya mfululizo wa BWV 996. Una sauti mbili tu, ya juu na ya chini, lakini zote mbili zinatembea, na sikio hugundua mara moja ikiwa moja imelala. Halafu afuate utangulizi mfupi wa BWV 999, ambao wapigaji wa gitaa huupandisha kutoka ufunguo wake wa asili hadi Re ndogo. Baadaye aje kwenye utangulizi wa BWV 1007, uliotungwa kwa chelo, ambao kwenye gitaa hupigwa katika Re kubwa na uzi wa sita ukilegezwa kutoka Mi hadi Re.

Mpigaji asishangae akiona kwamba muziki huu wa luti haukai vizuri chini ya vidole. Wataalamu wengine wanaona kwamba baadhi ya tungo hizi Bach alizikusudia kwa aina ya kinanda kilichofungwa nyuzi za utumbo ili kitoe sauti ya luti, na orodha ya mali aliyoiacha inataja viwili vya namna hiyo. Mwenye kinanda ana vidole kumi vya kuchagua sauti. Sisi tuna vinne vya kubana na vinne vya kuchuma.

Na ile Chaconne ya BWV 1004? Segovia aliipiga Paris mwaka 1935 kwa gitaa, na tangu hapo kila kijana mwenye bidii anaitamani. Ina vipimo zaidi ya 250, yaani vile visehemu vinavyotengwa kwa mistari ya wima, na humchukua mpigaji karibu robo saa. Ndani yake zimo aina zote tano za ugumu kwa pamoja. Kwa kanuni tuliyoiweka mwanzoni, haimfai mtu yeyote ambaye bado analo zaidi ya jambo moja asiloliweza. Aisikilize, aipende, aiweke mbele kama mlima unaoonekana kutoka mbali.

c) Wapigaji wa Katanga na wa Kenya magharibi

Mahali pa tatu ni karibu nasi, na pengine kwa sababu hiyo tumepasahau. Mwenda Jean Bosco, aliyezaliwa mwaka 1930 katika Katanga, alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 mjini Jadotville, ambao leo unaitwa Likasi. Utungo wake uitwao Masanga ulifika mbali, na nyimbo zake nyingi ziliimbwa kwa Kiswahili cha Katanga. Pamoja naye tunawataja Losta Abelo na Edouard Masengo wa nchi ile ile, na George Mukabi wa Kenya magharibi, aliyefariki mwaka 1963, ambaye ni miongoni mwa waliojenga mtindo uitwao omutibo.

Wapigaji hawa walitumia zaidi vidole viwili tu vya mkono wa kulia, gumba na kidole cha shahada. Mtu aliyefunzwa kwa vitabu vya Ulaya akisikia hivyo hudhani kazi ni nyepesi. Na ajaribu! Gumba hushika njia yake bila kuyumba, kidole cha shahada huingiza sauti zake katika nafasi zilizoachwa na gumba, na sikio husikia wimbo wa tatu ambao haukupigwa na kidole kimoja peke yake. Huu ndio ugumu wa nne katika ukamilifu wake. David Rycroft aliandika nota za Mwenda katika jarida la African Music mwaka 1961 na 1962, na anayesoma nota aweza kuanzia hapo. Lakini nota hazitoshi, kwa kuwa msisitizo wa kila pigo hauandikiki vema. Inampasa mtu asikilize, achukue kipande cha mapigo manne, akiimbe kwa mdomo, ndipo akitafute kwenye nyuzi, kisha kipande kinachofuata. Hivyo ndivyo wapigaji wengi wa mtindo huu walivyojifunza, mmoja kwa mwenzake.

d) Kitabu cha nyimbo

Mahali pa nne ni mezani petu. Kitabu cha nyimbo chenye sauti nne, kiwe cha nota au cha solfa, ni mkusanyo mkubwa wa tungo ngumu za gitaa ambazo hakuna aliyeziandika bado. Kuusindikiza wimbo kwa kodi ni jambo moja. Kuupiga wimbo huo kwa gitaa peke yake, ili soprano iimbe, besi itembee na sauti za kati zisikike, ni jambo jingine kabisa.

Hapa mpigaji wa kwetu ana msaada ambao wenzake wengi wa Ulaya hawana, nao ni solfa. Kwa kuwa katika solfa do yaweza kuwekwa popote, wimbo ulioandikwa katika ufunguo usiofaa gitaa, kama Mi iliyoshushwa nusu, unahamishwa bila kuandika upya hata silabi moja. Swali ni moja tu: do ikae wapi? Kwa anayeanza tunashauri do ikae kwenye uzi wa tano ulio wazi, yaani La ya gitaa. Akifanya hivyo, do, fa na so za besi zitaangukia kwenye uzi wa tano, wa nne na wa sita, zote zikiwa wazi. Besi za kodi tatu kuu zitapigwa bila kidole hata kimoja cha mkono wa kushoto, na vidole vyote vinne vitakuwa huru kwa sauti za juu.

Kazi yenyewe iende kwa hatua. Kwanza achague wimbo unaokwenda taratibu na usioruka-ruka. Apige soprano peke yake mpaka iimbe. Apige besi peke yake. Aunganishe hizo mbili, na hapa akae muda mrefu, kwa sababu sauti hizo mbili zikisimama vema wimbo umekwisha kusimama. Ndipo aongeze alto na tena mahali vidole vinapofika. Pasipofikika, aache sauti moja, lakini ajue ni ipi ya kuacha. Katika kodi ya do, mi na so, aache do inayorudiwa, au so, wala asiache mi, kwa maana mi ndiyo inayotuambia kama wimbo una furaha au una huzuni.

Atakayefanya hivi kwa nyimbo tatu atakuwa amejifunza mpangilio wa sauti kuliko kwa kusoma sura nzima ya kitabu, na atakuwa na tungo tatu mpya ambazo hazikumgharimu shilingi.

4. KUUPIMA UTUNGO ULIOPATIKANA

Utungo ukishapatikana, usianze kupigwa siku hiyo hiyo. Tunapendekeza kipimo cha juma moja.

Kwanza, usomwe bila gitaa, na kila mahali panapotisha pawekwe alama kwa penseli. Pili, kati ya alama hizo pachaguliwe vipimo vinne vigumu kuliko vyote, nafsi ya mpigaji yenyewe itavijua, na juma lianzie hapo badala ya mwanzo wa utungo. Desturi ya kuanzia mwanzo ndiyo iliyotujazia watu wanaojua kurasa za kwanza za tungo nyingi na ukurasa wa mwisho wa utungo wowote hawaujui. Tatu, vipimo hivyo vipigwe dakika 20 kila siku, kwa nusu ya mwendo unaotakiwa au chini yake.

Mwisho wa juma mpigaji ajiulize maswali matatu. Je, vinapigika taratibu bila kusimama? Je, mkono hauumi? Je, bado ninautamani utungo huu? Jibu likiwa ndiyo mara tatu, utungo ni wake. Ikiwa vinapigika vyote kwa mwendo kamili siku ya pili tu, hakuna atakachojifunza humo, ingawa aweza kuupiga kwa furaha. Ikiwa mwisho wa juma bado havisogei kabisa, basi kuna jambo la pili au la tatu limejificha ndani yake. Auandike kwenye daftari, aweke tarehe, aurudie baada ya nusu mwaka. Kuuahirisha si kushindwa.

5. TAHADHARI

Ya kwanza ni juu ya mwili. Uchovu wa misuli baada ya kazi ni wa kawaida. Maumivu makali ya kiganja au ya kifundo cha mkono, na ganzi katika vidole, si ya kawaida, wala hayaponi kwa kukaza. Mpigaji aache, apumzike, na hali ikiendelea amwone daktari. Mkono huo huo ndio unaobatiza na kuandika mahubiri.

Ya pili ni juu ya mahali. Utungo mgumu haukusudiwi kuongoza mkutano. Washarika wanapoimba, wanahitaji kodi zilizo wazi na mapigo yasiyoyumba, na mpigaji anayeonyesha ustadi wakati huo anawanyang'anya wimbo wao. Mahali pa utungo mgumu ni kabla ya ibada, au wakati washarika wanapokwenda mezani pa Bwana, au nyumbani jioni bila msikilizaji.

Ya tatu ni juu ya tungo za zamani. Anayejifunza mpya asiziache zile alizokwisha kuzishika, bali kila juma apige mbili au tatu kati yake. Atashangaa kuona jinsi zinavyozidi kuwa nzuri, kwa kuwa mkono umejifunza mahali pengine na kuleta mavuno nyumbani.

HITIMISHO

Tumesema kwamba ugumu uko wa aina tano, na kwamba utungo unaofaa hudai jambo moja jipya tu. Tumeonyesha mahali panne pa kutafuta: vitabu vya mazoezi, muziki wa Bach, wapigaji wa Katanga na wa Kenya magharibi, na kitabu cha nyimbo. Tumeeleza pia jinsi ya kupima kwa juma moja.

Linabaki pendekezo moja kwa wanafunzi. Katika kila chuo wapo wapigaji watano au sita wanaopiga kila mtu chumbani mwake. Na wawe na daftari moja la pamoja, ambalo ndani yake kila mmoja ataandika jina la utungo aliojifunza, mahali alipoupata, na jambo moja ulilomfundisha. Wanaomaliza waliache kwa wanaoingia, kila mmoja akijinakilia yanayomfaa kabla ya kuondoka. Baada ya miaka michache daftari hilo litakuwa mwalimu, na yule atakayepangiwa usharika wa mbali atakuwa na nakala ya mwalimu huyo ndani ya begi lake.